Haki ya Kuazima

Jamani, tuache kupigiana makofi. Tangu ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, wafungwe Marekani, wako wanaojigamba ati ushirikiano wa kisheria baina ya mataifa umefanya kazi. Umemfanyia nani?

Hebu tuitazame kesi yenyewe. Novemba 2014 walikamatwa Mombasa baada ya kuwakabidhi kilo 99 za heroini watu waliodhani ni wanunuzi, kumbe wametumwa na Wamarekani. Marekani ikaomba ipewe washitakiwa. Maombi hayo yakavutwa mahakamani zaidi ya miaka miwili, na mwishoni mwa Januari 2017, kabla hayajaamuliwa, watu wakapandishwa ndege. Oktoba 2018 wakakiri makosa huko New York. Baktash akapigwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim 23 mwaka 2020.

Sasa sikia hili. Katika waliyoyakiri, limo la kuwahonga maofisa wa Kenya ili wasipelekwe ng'ambo. Waendesha mashtaka wa kule walisema waziwazi: majaji, waendesha mashtaka, polisi. Haya, mtoaji yuko jela. Mpokeaji yuko jela gani? Au hongo ilijipokea yenyewe?

Kuna watakaonijibu: bora hivyo kuliko wangeponyoka. Sibishi. Lakini mwizi wako akifungwa na jirani, na mlango wako bado umevunjika, utalala?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa magenge unaovuka mipaka ulipitishwa mwaka 2000, ukatiwa saini Palermo, nyumbani kwa Mafia. Kenya ikajiunga 2004. Kifungu cha 16, cha kukabidhiana washitakiwa, wakubwa wetu wanakijua vizuri. Je, cha 8, kinachotaka anayetoa hongo na anayepokea wote wawe wahalifu? Na cha 25, kinachotaka walioumizwa wasaidiwe na sauti zao zisikizwe? Hicho nani amekisoma kwa sauti Kisauni au Malindi?

Shitaka la New York lilikuwa la kula njama ya kuingiza unga Marekani. Sawa, hiyo ni sheria yao, wanawalinda watoto wao. Lakini unga unaotoka Afghanistan kwa majahazi hupitia kwetu kwanza, na mwingine haundoki. Unabaki maskani, unabaki mishipani mwa vijana wa rika letu. Mama aliyemzika mwanawe Mji wa Kale hayumo katika shitaka lile. Nani atamwita shahidi?

Na sisi wenye kalamu tusijitoe. Hadithi zetu za unga zote ni moja: teja anaiba, teja anapigwa, teja anakufa ukurasa wa mwisho, msomaji anaambiwa ajihadhari. Papa hatumwoni. Hakimu anayeahirisha kesi huku bahasha imo mfukoni hatumwoni, wala askari anayefungua geti usiku.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na haki ya kuazima ndivyo ilivyo. New York imewafunga ndugu wawili. Waliopokea haiwezi kutufungia. Hao ni wetu, na sheria ya kuwafunga tunayo. Basi tuwaandike, vijana wenzangu, kwa cheo, kwa ofisi, kwa bahasha, mpaka waone haya kukaa vitini.