Tufikie Wapi Tukienda Kumtazama Nyangumi?



Tangu tulipokuwa wadogo chuoni tumekisikia kisa cha Nabii Yunus, alayhi salaam, na samaki mkubwa aliyemmeza. Wengi wetu tulikua, tukaolewa na kulea watoto tukidhani kwamba viumbe wakubwa namna ile hukaa bahari za mbali. Kumbe kila mwaka, baina ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hupita mbele ya pwani yetu wenyewe, kuanzia Shimoni na Diani hadi Watamu na Malindi. Hutoka katika bahari za barafu, kusini kabisa ya dunia, wakaja kwenye maji yetu yenye joto kuzaa na kunyonyesha. Mkubwa wao hufikia urefu wa mita 12 hadi 16, na mtoto huzaliwa akiwa na mita 4 hivi na uzani wa karibu tani moja.

Likizo ya shule ya Agosti inapokaribia, familia nyingi huanza kuulizana: twende, lakini tufikie wapi? Swali hili tulilijibu vibaya mara ya kwanza, na tunaona ni haki tuwaeleze wenzetu tulivyokosea.

Tulikuwa watu kumi na wanne, nyumba tatu za ndugu. Tulikodi nyumba kubwa yenye jiko lake, kando ya Watamu, mbali na ufuo zinakoondokea mashua. Hoja zetu zilikuwa njema: jiko letu wenyewe, kwa hiyo chakula chetu ni halali bila shaka, ukuta mrefu, kwa hiyo sitara ipo, na bei ikigawanywa kwa watu kumi na wanne ni nafuu. Jambo moja hatukulifikiri, nalo ni nani atakayepika.

Mashua za nyangumi huondoka asubuhi mapema, kabla upepo haujakaza. Saa hiyo sisi wanawake tulikuwa jikoni tukisukuma chapati na kuchemsha chai. Waume na watoto wakaondoka, tukasema sisi tutakwenda kesho. Adhuhuri walirudi wakisimulia mgongo mweusi ulioinuka majini na pumzi iliyoruka juu kama moshi. Kesho yake kusi ilivuma, manahodha wakakataa kutoka, na kesho kutwa yake tukafunga mizigo. Njiani mtoto wa miaka sita alimwuliza mamake, "Mama, mbona wewe hukumwona?" Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumehamisha jiko letu kutoka Mombasa hadi Watamu, tukaita hiyo likizo.

Mwaka uliofuata tulichagua upya, na haya ndiyo tuliyoyazingatia.

La kwanza ni mahali penyewe. Mwenye kutaka utulivu wa kijiji cha Kiislamu anaweza kwenda Shimoni na kisiwa cha Wasini, karibu na Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Wasini hakuna magari, adhana husikika kisiwa kizima, na pomboo huonekana mara nyingi. Nyangumi nao hupita huko katika msimu wao. Diani ina malazi ya kila aina, lakini atokaye Mombasa aingize katika hesabu zake muda wa kusubiri feri ya Likoni. Sisi tulirudi Watamu, kwa sababu mwamba hauko mbali na ufuo na bahari kuu huanza punde baada yake, hivyo mashua haihitaji mwendo mrefu kumfikia nyangumi. Mji wenyewe ni wa kale, wavuvi wake wengi ni Wabajuni, na misikiti iko kwa miguu. Magofu ya Gede yenye msikiti wake mkuu, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, yako kilomita chache tu kutoka hapo. Siku ya upepo watoto hawakosi pa kwenda.

La pili ni umbali wa nyumba na ufuo wa mashua. Watu husifu bwawa na bustani, lakini anayelala karibu na mashua ndiye atakayeitwa na nahodha alfajiri bahari ikitulia ghafla. Vyombo hutoka kwa kupitia mlango wa mwamba, na saa ya kutoka hufuata kujaa na kupwa kwa maji pamoja na upepo. Tulichukua nyumba ndogo zaidi ndani ya mji, hatua chache kutoka ufuoni.

La tatu ni idadi ya siku. Agosti ni mwezi wa kusi, na kusi haina ahadi. Anayelala usiku mmoja ameweka safari yake yote juu ya asubuhi moja. Tulichukua mausiku matatu, tukapata asubuhi mbili za kwenda na moja ya akiba. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri wa masafa ya kupunguza sala anayenuia kukaa chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yake ya kupunguza haijaondoka. Asiyekuwa na hakika amwulize sheikh wake kabla ya safari.

La nne ni wale wasioweza kupanda mashua. Nje ya mwamba mawimbi ya kusi si mchezo. Mjamzito, mtoto mchanga na nyanya mwenye maumivu ya mgongo wasilazimishwe. Kwa ajili yao tulitafuta nyumba yenye roshani inayoelekea bahari, tukachukua darubini. Nyangumi akipita, pumzi yake huweza kuonekana kutoka nchi kavu, na nyanya aliiona mara mbili akiwa juu ya mkeka na tasbihi yake mkononi.

La tano ni sitara na chakula. Watamu hupokea wageni wengi kutoka Italia, na nyama ya nguruwe na mvinyo si vitu vigeni katika hoteli za huko. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa, wala msione haya: Je, vyungu vya halali ni mbali? Friji ya chumbani itaondolewa pombe? Bwawa lina saa za wanawake peke yao, na nguo ya kuogelea ya kujisitiri inakubaliwa? Jibu la "mtaona mkifika" mlichukue kuwa ni hapana.

La sita ndilo lililobadilisha safari yetu: mpishi. Nyumba nyingi za kukodi pwani huja na mpishi, au mwenyewe humleta akiombwa. Tulimwomba mama mmoja wa pale mjini, tukapatana ujira wake mapema, naye akinunua samaki kwa wavuvi na kuwapika kwa nazi. Tulipogawanya malipo yake, kila nyumba ilitoa pesa ambazo tungezimaliza kwa soda na aiskrimu za watoto. Tukapatana pia kwamba asubuhi ya kwanza ni ya akina mama na mabinti, na akina baba wabaki na wadogo.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, kila mmoja amevaa koti la kuelea. Nahodha alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Alipoona pumzi ya kwanza hakumkimbilia mnyama. Alipunguza mashine akakaa mbali, akatuambia kwamba mwenye mtoto hasongwi. Kisha tukawaona wawili, mama na mwanawe, migongo ikiinuka na kuzama pamoja. Alitueleza kwamba katika maji yetu haya mama huyo hula kidogo sana au hali kabisa; hunyonyesha kwa mafuta aliyoyaweka mwilini tangu kule kwenye barafu, mpaka atakaporudi.

Yule mama aliyeulizwa na mwanawe mwaka uliotangulia alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Subhanallah. Leo nina la kumsimulia."

Basi ndugu zetu, mnapotafuta nyumba ya likizo, bei na picha zitazameni, lakini anzeni kwa kuuliza nani atakayekuwa jikoni mashua itakapoondoka. Mkiisha kupata jibu linalowaridhisha nyote, kodini. Na akina baba wanaosoma safu hii wajue kwamba chai ya asubuhi moja hawashindwi kuipika.

Wabillahi tawfiq.