Saa ya mwili haijui wikendi

Mtaani siku hizi kijana akisema analala saa tatu usiku anachekwa. Ataitwa mzee, ataulizwa kama amegeuka kuku. Anayesifiwa ni yule anayetuma ujumbe saa tisa usiku kwamba bado yuko macho anasaka unga, eti usingizi ni wa matajiri. Jumatatu asubuhi wasee wanajaza mitandao na picha za kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, na maneno ya kujipiga kifua chini yake.

Sifa hizi zimeenda kombo. Kukesha usiku mmoja kwa sababu ya mtihani, matanga au harusi kumekuwepo tangu jadi, na mwili hukumudu. Kinachotumaliza ni kuishi bila ratiba: leo umelala saa nne, kesho saa nane, Jumamosi hujalala kabisa, Jumapili umeamka mchana jua likiwa utosini. Hakuna mwili unaoweza kufuata mpango kama huo.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kikundi cha seli zipatazo 20,000 zinazoendesha saa ya mwili. Saa hiyo huamua joto la mwili lipande lini, njaa ije lini, na melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ianze kutoka saa ngapi. Ini, moyo na utumbo pia zina saa zao ndogo zinazotegemea ile kubwa. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hii. Waliichunguza ndani ya nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi kejani kwako.

Kwamba saa hii ni ya kweli, kuna kijana aliyejitolea kuthibitisha. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre, wakati huo akiwa na umri wa miaka 23, aliingia katika pango lenye barafu kwenye milima ya Alps akakaa humo miezi miwili bila saa, bila kalenda, bila kuona jua. Alikuwa akipiga simu juu kila alipoamka na kila alipoenda kulala, lakini waliopokea hawakuruhusiwa kumwambia wakati. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni Agosti 20. Akili ilikuwa imepoteza hesabu ya karibu mwezi mzima. Mwili haukupotea: rekodi zilionyesha alikuwa akilala na kuamka kwa mzunguko wa saa 24 na ushei.

Huo ushei ndio wenye maneno. Ikiachwa peke yake, saa ya binadamu wengi huchelewa kidogo kila siku, na kinachoirudisha kwenye mstari ni mwanga wa asubuhi. Ukiufungia nje kwa pazia zito hadi saa tano, kisha ukamulike macho kwa simu hadi saa nane usiku, umeisukuma saa yako izidi kuchelewa kutoka pande zote mbili.

Na hapa Mkenya ana bahati asiyoitumia. London jua la Desemba huchomoza saa mbili asubuhi, na la Juni kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Nairobi, mwaka mzima, linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo. Hata hesabu yetu ya wakati kwa Kiswahili inalifuata: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Kuna watu ughaibuni wanaonunua taa maalumu za kuwamulika asubuhi za msimu wa baridi. Wewe inakutosha kutoka nje ukiwa na kikombe chako cha chai.

Turudi kwa wikendi. Mtafiti Till Roenneberg wa Munich na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi pengo lililopo kati ya saa tunazolala siku za kazi na zile za mapumziko. Hesabu yako ni rahisi. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri Ijumaa, halafu saa tano Jumapili, umeusafirisha mwili wako saa sita. Ni kama kupanda ndege Nairobi kwenda Rio de Janeiro na kurudi Jumapili usiku, bila hata picha moja ya ufuoni. Kisha Jumatatu unashangaa kwa nini kichwa ni kizito na kila mtu kwenye matatu anakukera.

Uchovu ungekuwa ndio gharama yote, tungenyamaza. Lakini usiku mwili huishughulikia sukari vibaya kuliko mchana, kwa hivyo ile sahani ya chipsi ya saa saba usiku haina hesabu sawa na ya mchana, hata ikiwa imepimwa kwa kijiko kilekile. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo pengine husababisha saratani, na lilipoitazama tena mwaka 2019 halikuiondoa. Kahawa nayo haiponyi. Baada ya takriban saa tano, nusu ya kafeini bado imo mwilini: ya saa kumi na mbili jioni inakungoja kitandani saa tano usiku. Muguka ni hivyo hivyo. Unaahirisha usingizi, deni linabaki.

Ushauri wetu kwa mwenye uwezo wa kuchagua ni mmoja: shikilia saa ya kuamka, hata Jumapili, isipishane kwa zaidi ya saa moja. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baada ya muda, kwa sababu usingizi utakufuata. Sherehe na mbogi nenda, bana, lakini asubuhi amka wakati wako na uibe usingizi kidogo mchana.

Tusijidanganye lakini kwamba kila kijana anachagua. Anayepokea simu za wateja wa California akiwa Nairobi anaanza kazi saa mbili usiku na kumaliza saa kumi alfajiri miezi ya baridi kule. Mlinzi, muuguzi na dereva wa bodaboda wako barabarani au kazini sisi tukikoroma. Viongozi wetu wameuimba uchumi wa saa 24 kwa miaka, na ajira tunazitaka. Ila mwajiri anayempanga mtu usiku wiki hii, mchana wiki ijayo, na kumjulisha kwa ujumbe wa jioni ileile, anamnyima hata nafasi ya kuzoea. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haitoshi. Zamu zipangwe mapema, zikae wiki kadhaa bila kubadilishwa, na anayemaliza usiku wa manane apate usafiri wa kumfikisha nyumbani.

Kisha kuna shule za bweni, ambako tabia hii hufunzwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema mwanafunzi wa bweni awe kitandani kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Muulize yeyote aliyemaliza sekondari kengele ya kwanza ililia saa ngapi. Wengi watakuambia saa kumi, wengine saa kumi kasoro, na katika umri huo ndipo saa ya mwili huchelewa zaidi. Wizara ya Elimu ina wakaguzi. Wafike shuleni saa kumi alfajiri, waone taa za madarasa gani zinawaka, na wawaulize walimu wakuu kanuni hiyo waliisoma lini.