Gari la Kisiwani Litazamwe Chini

Haupiti mwezi ila hunijia jirani au ndugu akanitaka nifuatane naye kwenda kutazama gari analokusudia kulinunua. Huwa ameshalipenda. Ameiona rangi yake inavyong'aa, amekaa kitini akanusa harufu ya dawa iliyopulizwa ndani, ametiwa ufunguo mkononi akasikiliza redio. Anachokitaka kwangu si shauri bali neno la kumtuliza moyo. Nami, badala ya kulizunguka gari nikipiga tairi teke kama ilivyo ada, huomba gunia nikalitandika chini, nikaingia uvunguni na tochi na bisibisi. Hapo ndipo wauzaji hukunja nyuso.

Nimekuwa mpenzi wa magari tangu utotoni, na silifichi jambo hilo, ijapokuwa wenzangu katika Chama hunitania kuwa huo ni ugonjwa wa Wabenzi, jina walilopewa zamani wakubwa waliopenda kupanda Mercedes-Benz. Lakini mapenzi ni jambo moja na busara ni jambo jingine. Kwa hakika katika visiwa hivi tunanunua magari kwa vipimo vya watu wa nchi kavu: kasi, ukubwa wa injini, kimo na jina. Unguja, kutoka ncha ya Nungwi hadi ncha ya kusini, haifikii kilomita 100, na Pemba ni fupi zaidi. Hakuna safari hapa itakayolishinda gari dogo lililo zima. Adui wa gari letu si masafa. Adui wake ni chumvi.

Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu popote pale duniani. Lakini kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo upitao baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji yenye chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji baridi. Tena chumvi huvuta unyevu, hata chuma kikawa hakikauki vizuri siku ya jua. Kila upepo wa bahari huleta sehemu yake, ikaingia ndani ya milango na ndani ya mihimili ya bodi, kule ambako matundu ya kutolea maji yameshazibwa na mchanga. Gari lilazwalo ufukweni Paje likingojea wageni wa kulikodi linaliwa usiku na mchana, na mwenyewe analiona jipya kwa kuwa analitazama juu. Ajabu ni kwamba tunamsaidia adui: vijana wetu huosha magari kwa maji ya visima vya pwani ambayo ukiyaonja ulimi unakataa.

Liko jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, kwa sababu Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa njia, na kwa sababu sheria yao hutaka gari jipya la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na wengi huona bora kuuza gari lingali na nguvu. Hiyo ni neema kwetu. Lakini katika kisiwa cha Hokkaido na mikoa ya kaskazini ya Honshu theluji huanguka kwa wingi, na barabara hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko hufika kwetu likiwa limeshakula chumvi ya Japani kabla halijaonja ya kwetu; juu linang'aa, chini ni jekundu. Kisha hapa hapa mtu hulipiga rangi nyeusi uvunguni ili uwekundu usionekane. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka 15 yafaa imtie mnunuzi hofu.

Nasema haya kwa kuwa nami niliwahi kudanganyika, kwa ujuzi wangu wote. Nilinunua gari dogo la mizigo lenye uvungu mweusi wa kupendeza, nikavuka nalo kwenda Pemba nilikokuwa na kazi. Masika moja tu yalipita. Siku hiyo nilikuwa nimempakia shangazi yake mke wangu pamoja na watoto watatu wa skuli niliowakuta njiani wakinyeshewa. Katika mteremko wa kuingia Chake Chake nilikanyaga breki, kanyagio likazama hadi chini. Magari ya siku hizi hugawiwa breki katika njia mbili, moja ikipasuka nyingine ikabaki, nasi tuliokolewa na hiyo nusu, pamoja na gia ya kwanza na ukingo wa udongo wa kando ya njia. Shangazi hakusema neno mpaka tulipofika. Fundi alipoingia chini alitoka na kipande cha paipu ya breki, akakivunja kwa vidole viwili kama avunjavyo mtu kikonyo cha karafuu kilichokauka. Kutu ilikuwa nyekundu ndani, na rangi nyeusi ilikuwa nzima juu yake.

Chuoni tulisomeshwa kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Akamwuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Muuzaji wetu wa magari husali safu ya mbele, na pengine kisa hicho amekihifadhi kuliko mimi. Sijui anafikiri kinahusu nafaka peke yake?

Basi achukue gari gani mtu wa kisiwani? Mimi husema: lile ambalo fundi wa mtaani kwenu analijua na spea zake zipo madukani. Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, kama IST na Probox, zimenipendeza kwa kuwa injini hiyo huendeshwa na mnyororo badala ya mkanda wa mpira unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda. Suzuki Escudo za zamani zina chesisi yake mbali, jambo la nguvu katika njia za mawe, ila chesisi ya boksi huoza kutoka ndani, kwa hiyo igongwe kwa nyundo na isikilizwe. Tairi nazo zisomwe ubavuni: tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake hazijalika. Rangi achague mama watoto.

Nawageukia sasa ndugu zetu wenye dhamana serikalini. Afisa apelekwaye vijijini katika njia mbovu, sina neno naye. Land Cruiser ni chombo chake cha kazi. Lakini gari la zaidi ya tani mbili linalompeleka mtu mmoja kutoka Vuga hadi Mazizini na kumrudisha, halafu likalala nje kwenye upepo wa bahari bila ya kuoshwa chini kwa maji baridi, hilo ni mali ya umma inayoyeyuka mbele ya macho yetu.

Na lililo zito kuliko hilo ni ukaguzi. Mara nyingi nimeona gari la abiria likikaguliwa kwa kutazamwa taa, honi na karatasi, mkaguzi akiwa amesimama wima katika viatu vilivyopigwa rangi. Mwezi uliopita niliinua zulia katika gari linalobeba watoto wa skuli, kidole changu kikapita sakafuni nikaiona barabara. Gari hilo lilikuwa na stika halali. Kila kituo cha ukaguzi, Unguja na Pemba, kiwe na shimo la saruji lenye taa, na mkaguzi ashuke ndani yake na nyundo kabla ya kutia sahihi. Mashimo yote hayo kwa pamoja hayawezi kufikia bei ya gari moja la msafara. Dereva wa watoto wale amenionyesha tarehe ya ukaguzi wake ujao: imebaki miezi minane.