Kamati ya Harusi Isivunjwe Mapema

Katika miji mingi ya Tanzania harusi haiishii ukumbini. Wiki moja au mbili baadaye kamati hukutana tena, mara nyingi kwenye baa yenye jiko zuri la nyama, kwa kikao kinachoitwa kuvunja kamati. Mweka hazina husoma mapato na matumizi, mwenyekiti huwashukuru wajumbe, maharusi huingia kwa vigelegele, kisha salio huliwa. Likibaki laki tatu, zinaliwa laki tatu. Ikibaki milioni, inaliwa milioni, na mjumbe anayependekeza vinginevyo huonekana amekuja kuharibu shughuli.

Wakati wajumbe wanatafuna mbavu, huenda bibi harusi tayari ana mimba ya wiki nne na hajijui.

Hapo ndipo penye kasoro. Kamati inajivunja pale ambapo shughuli kubwa kuliko ile ya ukumbini ndiyo kwanza inaanza. Wengi wa wanaofunga ndoa wangali vijana, na kwa wengi mtoto wa kwanza hachelewi. Lakini mtoto huyo hana mwenyekiti wala katibu, na kadi yake ya mchango haichapwi na mtu. Wazazi wake wanabaki wawili chumbani, na deni la mpiga video.

Isieleweke kwamba kamati za harusi zinalaaniwa hapa. Waliochoka na kadi za mchango wana haki ya kuchoka, hasa mwezi wa Desemba, ambapo mfanyakazi mmoja anaweza kupokea kadi nne kabla mshahara haujaingia. Hata hivyo, ukitazama bila hasira, kamati ni chombo cha ajabu. Kijana karani, ambaye wazazi wake wanalima mpunga huko kwao na ambaye benki isingemkopesha hata robo ya fedha hizo, anapata mamilioni ndani ya miezi mitatu bila riba na bila dhamana. Yanatoka kwa wafanyakazi wenzake, wanakwaya, majirani, watoto wa mama wakubwa na watu aliosoma nao. Ahadi zinaandikwa, kila wiki orodha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp ikionyesha nani ametoa na nani bado, na katibu wa kamati anajua kumkumbusha shemeji yake elfu hamsini mara sita bila kumvunjia heshima. Nguvu hiyo ipo, na imeshajipanga. Kosa ni kuielekeza yote kwenye usiku mmoja.

Tuanze na muda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa, ili mwenye pingamizi aliseme. Makanisani tangazo husomwa Jumapili tatu. Katika siku hizo wachumba huzunguka mno: kupima suti, kuonja keki, kugombana juu ya rangi ya sare. Siku 21 zinatosha pia kwenda maabara na kurudi na majibu, asubuhi moja tu ya kazi. Madhehebu mengi yanadai cheti cha kipimo cha VVU, na wachumba wengi huishia hapo. Wangeulizia pia kaswende, ambayo hutibika kwa sindano za penisilini lakini isipotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni, homa ya ini aina ya B, wingi wa damu, kundi la damu, na sikoseli.

Kuhusu sikoseli inafaa kusimama kidogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na vijana wengi wenye chembe moja ya kurithi hawajawahi kuumwa hata siku moja, hivyo hawajui. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo hicho si cha kuvunjia uchumba. Ni cha kuwafanya wazazi wajue mapema kwamba mtoto wao apimwe mara tu anapozaliwa, badala ya kugundua baada ya mwaka mzima wa kuambiwa ana malaria, ana mchango, amerogwa. Kundi la damu nalo lina sababu yake. Mama mwenye damu ya Rh hasi akizaa mtoto mwenye Rh chanya anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72, ili mimba inayofuata isidhurike. Anayelijua jambo hilo mwezi wa pili wa uchumba ana nafasi ya kuitafuta sindano hiyo na kuiwekea fedha. Anayelijua akiwa wodini hana.

Lakini jambo linaloonyesha vizuri kuliko yote kwamba mimba huanza kupangwa kabla ya harusi ni kidonge kidogo cha njano ambacho bei yake haifikii ya soda nyingi: asidi ya foliki. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama bamba linalojikunja na kuwa mrija, na mrija huo hufunga kufikia takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa kinachojaa maji hufuatia. Wanaofika Muhimbili, kwenye taasisi ya mifupa ya MOI, wamewaona akina mama wakiwa wamebeba watoto hao, wengine wakiwa wametoka mikoa ya mbali. Si watoto wote hao wangeepushwa na kidonge, maana zipo sababu nyingine. Lakini mwanamke anayekunywa mikrogramu 400 za foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kupata mimba hadi wiki ya 12, hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1990.

Sasa ipigwe hesabu. Siku ya 28 mama ndiyo kwanza anashangaa hedhi imechelewa wiki mbili. Akienda kliniki mwezi wa nne anapewa fefo, vidonge vya madini chuma na foliki, na vinamsaidia sana kwenye damu, ila mrija ule ulishafunga au ulishashindwa kufunga zamani. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zinawataka wenye viwanda vikubwa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi, foliki ikiwamo. Sembe inayosagwa kwenye mashine ya mtaani, ambayo ndiyo inayoliwa na kaya nyingi, haina nyongeza hiyo. Basi mtu wa kumwambia binti aanze kidonge ni yule anayekaa naye kabla ya ndoa, yaani somo wake, shangazi yake, mama wa kicheni pati. Katika kicheni pati binti hufundwa kutwa nzima jinsi ya kumpokea mume, kukanda chapati na kuishi na mawifi. Hupewa masufuria, friji, mashuka. Mshehereshaji akitoa dakika tano kwa muuguzi mmoja aliyemo ukumbini, na daima hakosekani, mafunzo hayo yatakuwa yametimia.

Kuna upande mwingine ambao huzungumzwa kwa minong'ono. Maharusi wengi hufika madhabahuni au kwenye akdi mimba ikiwa tayari imeingia. Makala hii haikuja kuwahukumu. Wachungaji, masheikhe na mama zao wanatosha kwa kazi hiyo. Kinachosikitisha ni kinachofuata. Binti anajificha. Haendi kliniki kwa kuogopa kukutana na jirani kwenye benchi, akiona heri asubiri harusi ipite. Anajinyima chakula ili gauni lililoshonwa mwezi wa tatu limwenee. Wengine hujibana tumbo kwa vitambaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linataka mjamzito ahudhurie kliniki mara nane, na hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12 kuisha. Harusi ikisubiriwa, hudhurio la kwanza linaangukia mwezi wa tano, na chandarua chenye dawa, kipimo cha kaswende na kipimo cha presha vyote vinachelewa pamoja nalo. Mimba ya kwanza ndiyo hasa ya kupimwa presha mapema na mara kwa mara, kwa sababu kifafa cha mimba huwapata zaidi wanaobeba kwa mara ya kwanza. Wazazi waliokwishapokea barua ya posa na kula mahari wana haki gani tena ya kumtisha binti kiasi cha kumfanya aikimbie kliniki?

Tukitaja mahari, wazee walikuwa na jambo lao. Katika orodha ya kumtoa binti, hasa Pwani, mna kilemba cha baba na mkaja wa mama, na huu wa pili ni shukrani kwa tumbo lililombeba binti na maumivu ya kumzaa. Uzazi, basi, umekuwamo kwenye bajeti ya ndoa miaka yote, ila ni uzazi uliokwisha pita. Unaokuja haujatengewa fungu. Na kwa wanaodhani kwamba kupunguza orodha ni kuharibu ndoa, sheria ileile ya 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu ya kutotimiza mila za mahari au zawadi. Mshenga mwenye busara anaweza kuuliza barazani: je, sehemu ya fungu hili haiwezi kuwekwa kwa ajili ya mjukuu?

Fedha yenyewe inayohitajika si ya kutisha. Sera ya nchi ni kwamba huduma ya uzazi katika vituo vya serikali hutolewa bure, lakini kila aliyewahi kupeleka mke wodini anaijua orodha: glovu, pamba, uzi, wembe, kibana kitovu, mpira wa kulalia, beseni, doti za khanga. Vyote kwa pamoja mara nyingi havifikii bei ya keki ya harusi yenye ngazi nyingi. Ila vinadaiwa usiku, mtu akiwa na elfu nane mfukoni.

Damu ni suala jingine. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kumebaki kuwa moja ya sababu kuu za vifo vya wazazi, na pale akiba inapopungua ndugu huambiwa watafute wachangiaji. Hapa kamati ya harusi ingekuwa na thamani kuliko fedha zake. Watu thelathini wazima, wenye simu, wanaojuana, tayari wako kwenye kundi moja. Wangepima makundi yao, wakachangia Damu Salama kwa utaratibu, na orodha ikabaki kwa katibu yuleyule anayejua kukumbusha. Na wote wangeihifadhi namba 115, ya mfumo wa m-mama, inayopigwa bure mjamzito au mzazi anapopata dharura na usafiri hakuna.

Wapo watakaosema kupangia mtoto ambaye hajazaliwa ni uchuro. Hofu hiyo ina mizizi, na ilizaliwa enzi ambazo jeneza dogo lilikuwa jambo la kila msimu. Leo hali ni tofauti, na si kwa watoto tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukapata 104. Upungufu huo haukuletwa na ukimya. Uliletwa na vituo, wakunga, dawa na magari, yaani na watu waliopanga mapema.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: si kila ndoa hupata mtoto haraka, na nyingine hazipati kabisa, au mimba huharibika. Mawifi wanaohesabu miezi na kuuliza "Vipi, bado?" wamewaliza wengi. Kwa hiyo fungu hilo likishatengwa liwe la wanandoa wenyewe, liwekwe kwenye akaunti yao, na mjumbe asiruhusiwe kuulizia limetumikaje. Wasipolihitaji wodini watalihitaji hospitali kwa matibabu, au litawalipia bima.

Bwana harusi naye asikae pembeni akidhani kazi yake iliishia kwenye pete. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na inamtaka amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua. Baba kwa kawaida anapata siku tatu tu, za kuchukuliwa ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu ni chache, na zaidi ya hapo zinaliwa na foleni za dawa na simu za pongezi. Ndiyo maana ya kufanya yafanywe kabla: aende kliniki na mkewe, apimwe naye, azijue dalili za hatari kwa kichwa. Kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, damu kutoka. Moja tu kati ya hizo ni safari ya hospitali usiku huohuo, si ya kusubiri mama mkwe afike kutoka kijijini.

Wenyeviti wa kamati mtakaokaa Jumapili hii kupanga ukumbi na vinywaji, haya yanawahusu ninyi kwanza. Ongezeni mstari mmoja kwenye bajeti kabla ya mapambo, asilimia kumi ikiwezekana, na siku ya kuvunja kamati salio lote wakabidhiwe maharusi mbele ya wajumbe. Nyama kila mtu ajinunulie. Na ajenda hiyo msiisukume ikaishia kwenye mengineyo.