Mwenye nganda aliyekataa

Wengi kati yetu wamama tunalipa masomo ya watoto kwa feza ya vinywaji. Ndiyo maana juma hili tunawaletea habari ya nganda moja ya zamani huko Bristol, mji wa bandari wa Uingereza. Inaitwa Seven Stars, maana yake Nyota Saba, na mpaka leo iko.

Miaka ya 1700 Bristol ilitajirika kwa biashara ya watumwa. Meli zilienda pwani za Afrika, zikabeba watu, zikawauza ng'ambo ya bahari. Hata watu wa upande wetu, kwenye mlango wa mto Kongo, walibebwa na meli za Waingereza. Lakini mabaharia wengi waliogopa safari ile: kulikuwa viboko, na magonjwa yaliua wengi. Basi wakubwa wa meli walipatana na wenye nganda. Kijana ananyweshwa mpaka alewe, deni linaandikwa, kisha anaambiwa achague: gereza ao meli.

Mwaka wa 1787 Thomas Clarkson alifika Bristol kutafuta ushuhuda juu ya biashara ile. Mwenye Seven Stars, bwana Thompson, alikuwa amekataa vijana wanaswe nyumbani mwake. Usiku wa manane, mara nyingi, alimpeleka Clarkson katika nganda za Marsh Street ili ajionee kwa macho yake. Ushuhuda ule ulisaidia katika mapambano, mpaka Bunge la Uingereza likakataza biashara ya watumwa mwaka wa 1807.

Thompson hakuwa mtu mkubwa, wala hakuacha kuuza pombe. Alijua tu jambo ambalo halitafanyika ndani ya nyumba yake.

Sisi pia tunawaona wageni wanaokaa na vijana wetu, wanawalipia chupa moja, mbili, tatu, halafu wanawaahidi kazi ya mbali. Na kaye ya madeni iko mikononi mwetu. Tupatane katika vikundi vyetu: kijana aliyelewa tusimwandikie deni. Tukiona mgeni anamnywesha mtoto wa mwenzetu ili amchukue, tusifurahie feza yake. Tumjulishe mama wa mtoto upesi. Mtoto wa mwenzako akiwa kwako leo, kesho wako atakuwa kwake.