Karavani si Fuso

Mwezi wa saba ukifika, ndugu zetu wengi wanaoishi Ubelgiji wanafunga nyumba na kushika njia ya kusini, kuelekea Ufaransa ao Hispania. Wamoja wameachana na hoteli, wananunua karavani ya okazioni na kuivuta nyuma ya gari. Kwa familia yenye watoto watano ni hesabu nzuri, sina ubishi. Lakini kuna tabia mbili tulizotoka nazo nyumbani ambazo karavani haivumilii.

Ya kwanza ni kupakia. Sote tumeona Fuso likipanda milima ya Butembo na mifuko, magodoro, mbuzi, na watu juu yake. Linafika kwa sababu linakwenda polepole, barabara mbaya inalilazimisha. Kwenye otoruti, kwa kilometa 90 kwa saa, mambo ni mengine.

Soma kibati cha karavani. Kama uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 1.300 na yenyewe tupu ina kilo 1.100, umebakiwa na kilo 200 tu. Lita 40 za maji ni kilo 40. Chupa ya gazi, turubai la mlangoni, viti, baiskeli: zimekwisha. Na shangazi bado hajaleta gunia lake la mchele! Hapo baba wa familia anapaswa kuwa na moyo wa kukataa, hata kama shangazi atanuna mpaka Lyon. Kilo zikizidi, breki zinachoka na matairi yanapasuka.

Vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, si nyuma kabisa. Karavani yenye mzigo nyuma inaanza kuyumba mara lori kubwa linapokupita. Ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, iache itulie. Na mtu asikae ndani wakati wa safari, hata mtoto aliyelala.

Kuhusu permi: ile ya B, katika inchi za Umoja wa Ulaya, inakuruhusu kuvuta karavani inayozidi kilo 750 ikiwa gari na karavani pamoja, kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye karatasi zake, havipiti kilo 3.500. Mwendo nao si mmoja kila mahali. Ujerumani karavani ya kawaida ni 80 kwa saa.

Matairi ya okazioni yanadanganya. Karavani inasimama miezi kumi, meno ya tairi yanabaki mazuri huku mpira unazeeka. Tazama tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2316 maana yake ni juma la 23 la mwaka wa 2016. Tairi hilo ni la kutupa, muuzaji aseme anavyotaka.

Tabia ya pili inaniogopesha zaidi: mbabula. Nyama ya makala ni tamu, na likizo bila hiyo si likizo. Lakini usiku ukiwa baridi, ao mvua ikinyesha, mtu anaingiza mbabula ndani, ao chini ya turubai lililofungwa, akisema moto umekwisha kufa. Makala yanayozimika bado yanatoa gazi isiyo na harufu wala rangi. Huku kwetu tumezika watu waliolala na mbabula ndani ya chumba, tunajua. Karavani ni ndogo kuliko chumba chochote.

Matundu ya hewa yaliyo chini karibu na sakafu na juu kwenye dari yasizibwe na nguo, hata kama bibi anasikia baridi. Nunua ile kengele ndogo inayolia ikikuta gazi hiyo, uitundike kabla ya kuondoka. Na kama watu wawili wanaumwa kichwa na kutapika kwa wakati mmoja, usiwape dawa ya malaria: watoe wote nje, kisha piga 112.