TAHARIRI: GEJI YA MASHINE IHAKIKIWE KWANZA



Mashine yetu ya kusaga imepata injini nyingine. Siyo mpya ya dukani. Ni dizeli ya silinda nne iliyotolewa kwenye pikapu chakavu, ikafungwa pale ilipokuwa Lister. Fundi wetu na vijana wake wamefanya kazi kubwa na tunawapongeza. Wamefunga pia geji ya kuonyesha mizunguko ya injini, waliyoitoa kwenye lori bovu. Baadhi ya wanachama wanauliza geji ya nini. Wengine wanasema maadamu mshale unacheza, basi mashine ifunguliwe tusage. Sisi tunasema: bado.

Kwanza, kwa nini geji? Lister ya 6/1 ilizunguka mara 650 kwa dakika, basi. Mlio wake kila mtu aliujua, na mwendeshaji aliweza kuifuata kwa sikio. Hii ya pikapu ni mnyama mwingine. Ukiizidishia mafuta inaweza kufika 4,000. Kibati cha kinu chetu kinasema kisipite mizunguko 3,000 kwa dakika. Puli ya injini ni inchi 8, ya kinu ni inchi 4. Injini ikizunguka mara moja, kinu kinazunguka mara mbili. Kwa hiyo injini isipite 1,500.

Ikifika 2,000, kinu kiko 4,000. Mwendo umeongezeka kwa theluthi tu, lakini nguvu inayozivuta nyundo kutoka kwenye pini zake inakaribia mara mbili. Pini ikikatika, chuma hakichagui pa kwenda. Na jamani, mbele ya kinu ndipo mama zetu wanapopanga foleni na madebe, watoto mgongoni.

Pili, geji hii inafanyaje kazi? Geji ya gari la petroli kwa kawaida huhesabu cheche kutoka kwenye koili. Dizeli haina cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo fundi amechukua ishara kwenye alteneta, kwenye ncha iliyoandikwa herufi W. Waya mmoja unatoka kwenye swichi kupitia fyuzi, wa pili umefungwa kwenye bodi ya injini, wa tatu unakwenda kwenye W. Betri ilifunguliwa kabla ya kazi, na waya zimepitishwa mbali na ekzozi na mikanda. Hapo hatuna neno.

Neno letu liko kwenye hesabu. Alteneta yetu hutoa mapigo 6 ya umeme kila inapozunguka, nayo huzunguka mara mbili injini inapozunguka mara moja. Basi kila mzunguko wa injini unaleta mapigo 12. Lakini geji ilipangwa kwa lori lake, siyo kwa injini yetu. Tuseme kule alteneta ilizunguka mara tatu: geji imezoea mapigo 18. Hapa ikipata 12, injini ikiwa 1,500 mshale utasema 1,000. Mwendeshaji ataona mwendo ni mdogo, ataongeza mafuta mpaka mshale ufike 1,500. Kumbe injini iko 2,250 na kinu kiko 4,500!

Geji ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa geji. Asiye na geji huogopa na kwenda polepole. Mwenye geji ya uongo huua watu huku ametulia.

Dawa ipo. Nyuma ya geji yetu kuna skrubu ndogo ya kuirekebisha. Kinachotakiwa ni kuazima kipimo cha mkono kinachomulika mwanga: unabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya injini, unamulika, kinakuambia mizunguko ya kweli. Mkanda wa kinu uvuliwe kwanza, injini ipimwe ikiwa 800, 1,200 na 1,500, na mshale urekebishwe mpaka vipimo vyote viwili vikubaliane.

Tunajua kuazima kipimo mjini na kupima ni siku mbili mashine ikiwa imelala. Siku mbili hizo siyo za mzaha: ni akina mama kutwika mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili na kurudi jioni. Anayelalamika ana haki. Lakini kutembea siku mbili kunaisha; mkono uliokatwa na chuma haurudi. Kawia ufike.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano mkuu:

1. Mashine isifunguliwe kabla geji haijapimwa mbele ya wajumbe wawili wa kamati.

2. Alama nyekundu ipakwe kwenye kioo cha geji, kwenye 1,500. Mshale usivuke hapo, hata foleni ifike barabarani.

3. Mkanda wa alteneta ukaguliwe kila asubuhi. Ukilegea, mshale hushuka wakati injini haijapunguza mwendo. Mwendeshaji akiona hivyo azime, asiongeze mafuta.

4. Puli au alteneta ikibadilishwa, geji ipimwe upya.

5. Mwendeshaji asisukumwe. Anayepiga kelele "ongeza moto, tumechoka!" ajue anaomba hatari kwa ajili ya jirani yake aliye mbele.

Mashine hii tumeichangia sote, gunia kwa gunia. Tusiikabidhi kwa mshale ambao hakuna aliyeuuliza kama unasema kweli. Njooni mkutanoni, tuamue pamoja.

Kamati ya Gazeti la Ukutani